Tangle, entangle, entwine: mwongozo kamili wa kuchagua kitenzi cha Kiingereza mambo yanaponasana au kusokotana

Kila muhula napokea mazoezi ya watu wanaojifunza kutafsiri hapa Nairobi, na kila muhula kosa ni lile lile. Sentensi inasema “Their fingers were entwined.” Mwanafunzi anafungua kamusi, anakuta “tatiza, sokota, nasa”, anachukua neno la kwanza. Wapenzi wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi Uhuru Park wanaishia kuwa na vidole “vilivyotatizika”, na msomaji anabaki akijiuliza vidole hivyo vina shida gani.

Anayeandika kwa Kiingereza naye haepuki kosa hilo. Anaandika “The two brothers are entwined in a court case.” Sarufi iko sawa, tahajia iko sawa, ila kitenzi kimewaweka ndugu hao wamekumbatiana mbele ya hakimu.

Hakuna orodha ya kukariri itakayokuokoa hapa. Kinachookoa ni kuuliza maswali manne kwa mpangilio: nini kimenaswa na nini? Ni vurugu au ni mpangilio? Ni kitu cha kushikika au ni mtu na mambo yake? Nani amesababisha? Kiingereza hubeba sehemu kubwa ya majibu hayo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili huyabeba zaidi kwenye mnyambuliko, yaani ile mikia ya *-wa*, *-ika*, *-ana*, *-ua*. Ndiyo maana anayetafuta neno moja la kuziba pengo la neno moja hulikosa kila mara.

## Utakavyohitaji

- Nyuzi mbili za kufuma za rangi tofauti, kila moja mita moja hivi.
- Kipande cha neti ya mbu iliyochakaa, au mfuko wa neti wa vitunguu.
- Msumari au pini.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mifano. Ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke kando mpaka hatua ya nne.
- Daftari na kalamu.
- Sentensi nzima unayoifanyia kazi. Ukiwa na neno peke yake, hujaanza kazi.

Usiuruke uzi. Vingi vya vitenzi hivi hutumika kwa nyuzi, kamba, nyavu na nywele, na kidole kilichowahi kugusa tofauti yake hakisahau upesi kama jicho lililoisoma.

## Hatua ya 1: Tafuta kilichonaswa, kilichonasa, na kihusishi kilicho kati yao

Piga mstari chini ya kitu kilichopatwa na jambo, kisha chini ya kitu kilichokishika. Halafu zungushia duara kile kineno kidogo kinachofuata kitenzi: *in*, *on*, *with*, *around*.

Kineno hicho ni shahidi. *In* inakuambia kitu kiko ndani ya kingine na kimezungukwa: kasa ndani ya wavu, mtu ndani ya kesi. *On* inakuambia kimeshikwa sehemu moja tu. Chukua sweta uliyovaa, ipitishe karibu na msumari mpaka uzi mmoja uvutike. Sweta nzima haijanaswa, ni uzi mmoja tu. Hiyo ndiyo *snag*: “My sweater snagged on a nail.” Kiswahili: “Sweta yangu ilinasa kwenye msumari.” Ukiandika *entangled on a nail* umeufanya msumari kuwa wavu.

*Around* inakuonyesha kitu kirefu kinachozunguka kingine, kama mharagwe wa kutambaa unavyolizunguka bua la muhindi: “The bean twines around the maize stalk.” Hapa mharagwe “unajizongazonga” kwenye muhindi. Bougainvillea iliyojaa kwenye nyua za Nairobi haifanyi hivyo. Hiyo hupanda kwa kuegemea na kushika kwa miiba, kwa hiyo *twine* haiifai. Ukiitazama kwa karibu utaona kitenzi chake ni *snag* au *hook*, na ukipita na nguo utakijua zaidi.

Tahadhari: *with* hubadilisha maana kabisa ikifuata *tangle*. “Don't tangle with that conductor” hakuna uzi wala wavu ndani yake. Maana yake ni usimchokoze kondakta yule, usiingie naye kwenye ugomvi. Nimeona mara nyingi ikitafsiriwa “usijifunge na”, ambayo haisemi kitu.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa mdomo, bila kutumia kitenzi chenyewe: “Hiki kimeshikwa na kile, mahali hapa.”

## Hatua ya 2: Amua kama ni vurugu au ni mpangilio

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo chukua muda.

Tia zile nyuzi mbili kwenye mfuko wa koti. Tembea nazo siku nzima, panda nazo matatu, shuka, kaa, inuka. Jioni zitoe. Utakuta zimepitana ovyo, hujui ncha iko wapi, na ukivuta upande mmoja upande mwingine unakaza. Hiyo ndiyo *tangle*. Hakuna aliyekusudia, hakuna mchoro, na mtu mwenye subira anaweza kuzitenganisha. Kiswahili kina neno lake tayari, “tatana”: nyuzi zimetatana. Fundi cherehani mtaani atakuambia uzi “umejifunga” au “umejivuruga”, na katika mazungumzo hayo ni sahihi kabisa.

Sasa zitenganishe. Funga ncha moja ya kila uzi kwenye mguu wa meza, zishike pamoja, uzisokote mpaka zifanye kamba moja ambamo nyekundu inaizunguka nyeupe hatua kwa hatua. Hiyo ni *twine*, na nyuzi zenyewe zime-*entwine* au zime-*intertwine*. Nyuzi ni zile zile mbili, na zimepitana pengine mara nyingi zaidi kuliko zilivyopitana mfukoni, lakini jicho linaona utaratibu. Hapo sema “zimesokotana”.

Vidole vya wapenzi viko upande huu wa pili. Kwa hiyo “Their fingers were entwined” ni “Vidole vyao vilikuwa vimefumbatana”, au kwa urahisi zaidi, “Walikuwa wameshikana mikono, vidole vimepishana.” Nashauri la pili kwenye hadithi. Msomaji wa Kiswahili anaona mikono moja kwa moja, na hakuna neno linalomsimamisha njiani.

Vitenzi vya upande wa vurugu vina ngazi zake. *Tangle* huchanuka kwa kitana au kwa vidole. *Snarl* ni pale palipokaza, kifundo kidogo kigumu kinachokukatisha tamaa. *Mat* ni hatua ya mwisho: nywele au manyoya yamegandamana yakawa kama kipande cha blanketi, na mara nyingi mkasi ndio unaomaliza. Ukienda kwa msusi utasikia “nywele zimeshikana” kwa ngazi zote tatu. Akiuma meno na kuomba mafuta, ni *tangled*. Akisema hapa tutakata, ni *matted*.

*Knot* inasimama katikati. Fundo laweza kupigwa kwa makusudi, laweza pia kujifunga lenyewe. Sentensi ndiyo itakayokuambia.

Upande wa mpangilio pia una ngazi, ila si za ukali, ni za namna ya kupishana. *Twist* yaweza kufanywa na uzi mmoja ukijipinda wenyewe. *Twine* inahitaji viwili, au kimoja kinachozunguka kingine. *Coil* ni kimoja kinachojikunja duara juu ya duara, kama nyoka au mpira wa kumwagilia bustani. *Braid* na *plait* ni vitatu au zaidi vinavyopishana kwa zamu, nasi tuna “suka”. *Interlace* ni kupita juu na chini ya kingine, na *interweave* ni hivyo hivyo mpaka kinatokea kitambaa au ukili. Mama anayesuka kiondo anaingiza uzi mmoja chini, mwingine juu, tena chini. Mtazame mikono yake na hutachanganya *interweave* na *tangle* tena.

Tahadhari ya pekee: kuna mahali *entangle* haina vurugu hata kidogo. Katika fizikia, chembe mbili zikiwa *entangled*, hali ya moja haiwezi kuelezwa bila ya nyingine hata zikiwa mbali. Erwin Schrödinger ndiye aliyelipa jambo hilo jina hilo mwaka 1935, na Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2022 walipewa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger kwa majaribio ya chembe za mwanga za namna hiyo. Usiandike “chembe zilizotatana”. Andika “chembe zilizofungamana”. Kitenzi “fungamana” kinabeba uhusiano bila kubeba fujo.

Umefaulu ikiwa ukiisoma sentensi yako kwa mtu asiyeona ile ya Kiingereza, anaweza kukuambia kama jambo ni zuri, baya, au la kawaida tu, na jibu lake linalingana na la mwandishi.

## Hatua ya 3: Kitu cha kushikika, au mtu na mambo yake?

Baadhi ya vitenzi hivi havitumiki kwa uzi kabisa. *Embroil* ndicho cha kwanza kukariri: kamba haiwezi kuwa *embroiled*, wala nywele. Ni watu, familia, vyama na nchi pekee, na daima ni ugomvi, kesi, vita au kashfa. Magazeti yetu ya Kiingereza yanakipenda sana: “embroiled in a land row”. Huwezi kuwa *embroiled* katika harusi nzuri.

*Mat* ni kinyume chake. Kinabaki kwenye nywele, manyoya na majani.

*Entangle* kinaishi pande zote mbili. Nyangumi hunaswa kwenye nyavu za wavuvi, na wahifadhi wa bahari huita hali hiyo *entanglement*. Nchi nayo yaweza kunaswa na ahadi zake: mwaka 1801 Thomas Jefferson, katika hotuba ya kuapishwa kuwa rais wa Marekani, alitaka urafiki na mataifa yote lakini “entangling alliances with none”. Hapo “miungano inayotatanisha” ingepotosha, maana tatizo si kwamba miungano hiyo haieleweki. Tatizo ni kwamba inakufunga mikono. Mimi ningeandika “miungano ya kutufunga mikono tusiwe nayo na yeyote”.

*Enmesh* linatokana na *mesh*, ambalo ni jicho la wavu. Shika kile kipande cha neti, chomeka kidole kwenye tundu moja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Kila ukijitoa huku unaingia kule. Ndiyo maana hutumika kwa mtu aliyezama polepole katika jambo lenye mashimo mengi: madeni ya hapa na pale, siasa za ofisi, familia isiyompa mtu nafasi ya kupumua. “Enmeshed in debt” ni “amezongwa na madeni”, na sioni neno bora kuliko “zonga” hapo.

*Ensnare* lina mtego ndani yake, na mtego una mtegaji. Mitego ya waya inayotegwa mbugani kunasa swala ni *snares*. Mtu akiwa *ensnared*, kuna aliyemwekea. Ukiona *ensnare* na huoni mtegaji kwenye sentensi, rudi uisome tena.

Kisha kuna majirani watatu ambao korti na vyumba vya habari huwachanganya kila wiki:

*Involve* hakihukumu. “He was involved in the project” ni alishiriki. Lakini “involved with her” ni kuwa na uhusiano wa kimapenzi naye, kwa hiyo angalia kihusishi tena.

*Implicate* kinagusa kosa. Mtu ametajwa au amehusishwa na uovu. Hajapatikana na hatia.

*Embroil* kinasema yumo ndani ya mzozo, bila kusema ana haki au hana.

Tahadhari: ukitafsiri *implicated* kuwa “alishiriki katika wizi”, umemhukumu mtu ambaye hakimu bado anamsikiliza. Andika “ametajwa katika” au “anahusishwa na”. Kwenye karatasi za mahakama tofauti hiyo si ya urembo wa lugha.

Umefaulu ikiwa kila kitenzi ulichochagua kinaweza kukaa na nomino yake bila kuleta picha ya ajabu: kamba iliyogombana, au mtu aliyegandamana kama manyoya.

## Hatua ya 4: Uliza nani amesababisha, kisha chagua mnyambuliko

Sasa ndipo fungua kamusi ya Kiswahili. Kwa kawaida utapata shina: *nas-*, *tat-*, *sokot-*, *fung-*, *kwam-*. Shina si jibu. Jibu liko mkiani.

Kiingereza kikisema “got tangled”, jambo limetokea lenyewe. Kiswahili huchukua “-ana” au “-ika”: zimetatana, imevurugika. Kikisema “was caught by”, yupo aliyetenda, chukua “-wa”: amenaswa na. Vitu viwili vikifanyiana kwa usawa, “-ana”: zimesokotana, wamefungamana. Aliyefanya akitajwa mwanzo, “-isha” au “-iza”: ametatanisha, ametatiza. Na mtu akijifanyia mwenyewe kwa hiari, “ji-”.

Angalia neno “tatizika” kwa makini, kwa sababu matangazo ya habari Kenya yamelipa kazi mahususi: “usafiri ulitatizika”, yaani ulikwama, watu wakasumbuka. Ni neno zuri kwa kazi hiyo. Lakini limezoeleka kwenye usumbufu kiasi kwamba ukilipeleka kwenye vidole, mizizi au nyuzi, msomaji anasikia tabu.

Hiyo “ji-” ndiyo inayoweza kumuumiza mtu. Nilipoanza kazi nilipewa barua ya wakili, kurasa mbili, niitafsiri kwa ajili ya kikundi cha akina mama kilichokuwa kinagombania ploti nje ya jiji. Sentensi moja ilisema kwamba mweka hazina “became embroiled in the dispute”. Nikaandika: “alijiingiza katika mzozo huo”. Barua ikasomwa kikaoni.

Wiki iliyofuata mama huyo alinijia. Alikuwa ameikunja barua mara nne, na neno moja amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

“Mwanangu,” akasema, “mimi sikujiingiza. Mimi niliitwa nilete daftari la michango. Sasa wenzangu wanasema hata wakili ameandika nimejiingiza.”

“Nisamehe, mama,” nikamwambia. “Wakili hakuandika hivyo. Ni mimi.”

Nilibadilisha ikawa “alijikuta katika mzozo huo”, na kikao kilichofuata nikaenda mwenyewe kuisoma sentensi hiyo mbele ya wenzake. “Ji-” ipo kwenye maneno yote mawili, lakini kujiingiza ni kutembea kwa miguu yako mpaka ndani. Kujikuta ni kuinua macho ukaona tayari uko ndani. *Embroil* hakimsingizii mtu hiari. Wahenga walishaliona jambo hilo: mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Tangu siku hiyo, kila nikiona *embroiled* nauliza kwanza kama mwandishi amesema mtu huyo alitaka. Asiposema, siandiki “alijiingiza”.

Umefaulu ikiwa unaweza kuuliza “nani alifanya?” kwenye sentensi zote mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, ukapata jibu moja. Ya Kiingereza isipomtaja mtendaji, yako nayo isimtaje.

## Hatua ya 5: Jaribu kukifungua

Kitenzi cha kunasa hujulikana vizuri kwa jinsi kinavyonasuliwa. Chukua ulichochagua, tafuta kinyume chake, uone kama sentensi bado ina maana.

*Tangle* hufunguliwa na *untangle*. *Entangle* na *disentangle*. Kitambaa kilichofumwa *unravel*, kinafumuka. Mtu aliyezama katika mambo *extricates himself*, anajinasua. Lakini *embroil* halina mwenzake wa kila siku wa *un-*, kwa sababu ugomvi haufunguliwi kama uzi. Unasuluhishwa, unaisha, au mtu anajitoa.

Kiswahili hapa kimebarikiwa kuliko Kiingereza. Mkia wa “-ua” unageuza kitendo: nasa, nasua. Kwama, kwamua. Fuma, fumua. Funga, fungua. Na “tata” imetupa “tatua”, neno tunalotumia kwa matatizo ya hesabu na ya ndoa tukisahau kwamba ni jamaa wa nyuzi zilizotatana. Mwandishi akiandika “to untangle the problem”, usihangaike na picha ya uzi. “Kutatua tatizo” tayari inayo ndani yake.

Tahadhari: *ravel* ni kitenzi cha kuogopa. Kimetumika kwa maana ya kutatanisha na pia kwa maana ya kufumua, mambo mawili yanayopingana. Ukikikuta katika maandishi ya zamani, acha sentensi zinazokizunguka zikuamulie. Wewe mwenyewe usikiandike, tumia *tangle* au *unravel*.

Umefaulu ikiwa kinyume cha kitenzi chako kinafungua kile hasa kilichofungwa.

## Hatua ya 6: Pitia maneno ya foleni

Nairobi ina mitego yake, na mingi iko barabarani.

Kukwama kwenye foleni ya magari si *entangled* wala *entwined*. Sema *stuck in traffic* au *caught in traffic*. Magazeti yetu hupenda *snarl-up*, nayo ni sahihi: ni kile kifundo kidogo kigumu cha uzi kilichohamia Barabara ya Thika. Kwa Kiswahili ni “msongamano wa magari”, na ukimpigia mtu simu ni “niko kwa jam”. Yote matatu yana mahali pake, ila la tatu usilipeleke kwenye ripoti.

*Snarl* peke yake ina pacha asiye ndugu: mbwa akionyesha meno na kunguruma, hiyo pia ni *snarl*. Angalia kama kuna mbwa au mtu mwenye hasira kabla ya kutafsiri.

*Caught up in* ni kuvutwa na jambo mpaka usahau mengine, au kujikuta ndani yake bila kutaka. *Catch up with* ni kumfikia aliyetangulia. Rafiki akikuandikia “let's catch up” anataka mkutane mpige gumzo.

*Tied up* mara nyingi ni kuwa na shughuli nyingi. *Held up* ni kucheleweshwa, lakini pia ni kuvamiwa na majambazi. “I was held up in Ngara” inaweza kumfanya mama yako asilale. Ukimaanisha foleni, andika *delayed*.

## Hatua ya 7: Kagua umbo na matamshi

Hii ni fupi. Rudufisha konsonanti: *snagged*, *knotted*, *matted*. *Interweave* huwa *interwove*, kisha *interwoven*. *Wind*, kuzungusha uzi, huwa *wound*, ikitamkwa karibu na “waund”. *Wound* ya jeraha hutamkwa “wuund”. *Knot* haina sauti ya k, inasikika sawa kabisa na *not*, kwa hiyo ukiwa unasoma hewani hakikisha sentensi inajieleza yenyewe.

## Jaribio la mwisho

Funika majibu, fanya mwenyewe, kisha linganisha.

“The puppy's fur was badly matted.” Manyoya ya mtoto wa mbwa yalikuwa yamegandamana vibaya. Ukiandika “yametatana” umepunguza ukali, na mwenye mbwa atachukua kitana badala ya mkasi.

“Their histories are intertwined.” Historia zao zimefungamana. Hakuna ubaya, hakuna vurugu, na hakuna aliyetegewa.

“She got her scarf caught in the matatu door.” Mtandio wake ulinaswa na mlango wa matatu. Kiingereza hapa hakimlaumu, ingawa “got her scarf caught” inaonekana kama alifanya yeye. Ni namna yao ya kusimulia lililompata mtu. “Alinasisha mtandio” ni kosa.

“The company was drawn into the scandal, but was never implicated.” Kampuni iliburutwa kwenye kashfa hiyo, lakini haikuwahi kuhusishwa na kosa lolote. Vitenzi viwili, mizigo miwili. Ukiviweka “kuhusishwa” mara mbili, sentensi inajipinga.

“He tried to extricate himself, and only became more enmeshed.” Alijaribu kujinasua, kumbe ndiyo anazidi kuzongwa. Hapa nimeongeza “kumbe” kwa sababu Kiingereza kimeificha mshtuko huo ndani ya *only*. Soma sentensi hiyo kwa sauti, na kile kipande cha neti kikiwa bado vidoleni.